Nauli ya Mteremko

Kwa miezi mitatu mizima niliamini, na ningekula kiapo mbele ya shehe na padri kwa pamoja, kwamba treni ya umeme ikitoka Morogoro kwenda Dar huzimwa. Inazimwa kabisa, inaachiwa iteremke yenyewe mpaka baharini, na kwa kuwa haili umeme, tikiti ya asubuhi ni nusu nauli. Ya jioni ndiyo kamili, maana hapo inapanda.

Msinicheke. Nakaa juu ya Bigwa, kwenye miteremko ya Uluguru, na huku kwetu ndivyo dunia inavyokwenda. Bodaboda akikupandisha anatoza nauli nzima. Akikushusha anazima injini, anachukua nusu, na mnateleza kimya kati ya migomba mpaka mnasikia maji ya mfereji. Aliyeniletea habari ya treni ni bodaboda huyo huyo, jirani yangu. "Mlima ni mlima, kaka," alisema. "Chuma nacho kinateremka kama sisi tu." Nami ni mhitimu wa shule ya jioni, fizikia niliisoma nikisinzia, nikaona hoja imekaa sawasawa.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya stoo Dar. Basi la kutoka stendi ya Msamvu lilikuwa rahisi, lakini ukifika unakuta wenzako wanakunywa chai ya saa nne. Treni ingeniwahisha, ila nauli kamili kwenda na kurudi kila siku ingemeza mshahara wote na kuomba maji ya kushushia. Kwa hiyo roho yangu yote ilikuwa kwenye ile nusu. Nikiipata, nalala kwangu kila siku. Nikiikosa, ni chumba cha kupanga Dar, na mke wangu namwona Jumapili.

"Ukiipata hiyo nusu," aliniambia huku akichambua mchicha, "jioni utakuta ugali wa moto. Ukiikosa, beba na godoro. Sitaki kulitazama peke yangu."

Nikaanza kuiota mchana kweupe. Nimekaa kizingitini, naiona treni imezimwa, ndefu kuliko mto Ngerengere, inateleza bila sauti ndani ya ukungu. Abiria wamelala, dereva amelala, hata ng'ombe kando ya reli hawageuzi shingo. Mlima unatusukuma mgongoni, polepole, kama mtu anayesukuma bembea. Jioni unanivuta: kwanza naona vilele, vya buluu, halafu moshi wa jikoni kwetu.

Siku tatu kabla ya kuanza kazi nilishuka stesheni. Dirishani alikuwepo mama wa makamo, miwani imeteremkia puani.

"Shikamoo, mama. Naomba ya mteremko."

"Marahaba. Ya wapi hiyo?"

"Ya Dar, asubuhi. Ile ya nusu, treni ikizimwa."

Mtu nyuma yangu akaangua kicheko. "Kwa hiyo dereva kazi yake breki tu, mpaka Dar?"

Mama hakucheka. Alivua miwani, akaniacha nieleze yote: bodaboda, migomba, mchicha, godoro. Alisikiliza kama naye anayasikia yale maji ya mfereji.

"Mwanangu," akasema, "treni haizimwi. Nauli ya kushuka na ya kupanda ni ile ile. Beba godoro."