Picha Moja ya Mama Mkwe

Kwa Kigikuyu, neno la ukwe limezaliwa na neno la aibu: thoni ni aibu, uthoni ni ukwe. Nimepiga eksirei miaka kumi na tisa, nimewavua mashati mapadri na walevi bila kupepesa macho. Lakini siku mama mkwe alipoingia katika chumba changu, kwenye hospitali ndogo karibu na Karatina, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alikuwa ametoka Timau na kikohozi cha wiki nyingi. Mwenzangu wa kike alikuwa likizo. Mama ni Mmeru, mimi Mgikuyu, tukazungumza Kiswahili, kila mmoja akitazama ukuta wake.

"Ati nitoe sweta yote?"

"Yote, mama. Kuna gauni hapo nyuma ya pazia."

Kwa kuwa alikuwa mnene, nilihitaji gridi, yaani bamba lenye vipande vyembamba vya madini ya risasi. Mionzi ikipita kwenye mwili mkubwa hutawanyika ovyo na kuitia picha ukungu. Gridi huinasa ile iliyopotea njia. Ila ina uso na kisogo. Ukiigeuza, huzuia hata mionzi mizuri, na picha hutoka safi katikati na nyeupe pe kando zote mbili. Alama ya usoni ilikuwa imefutika kwa kusuguliwa na spiriti, kwa hiyo tulizoea kuikagua kwa makini kabla ya kuipachika. Siku hiyo niliipachika kwa kupapasa huku nimegeuza shingo, maana gauni la hospitali huwa wazi mgongoni, na ule ulikuwa mgongo wa mama mzazi wa mke wangu.

Picha ilipotokea kwenye skrini, kando zote mbili zikiwa nyeupe pe, nilijua papo hapo kwamba nimeigeuza. Kurudia kungechukua dakika tano.

"Imetoka?" aliuliza kutoka nyuma ya pazia, tayari anafunga vifungo. "Niko na baridi mbaya."

Nikasema imetoka vizuri. Daktari aliponiuliza mbona kando hazionekani, nikamjibu kwamba ni gridi tu, mgonjwa hana neno. Alikuwa na foleni ndefu, akamwandikia dawa ya kikohozi. Nami, mjinga mimi, nikamsindikiza mama hadi langoni nikijiona mkwe mwenye heshima zake.

Miezi minne baadaye alikuwa amekonda hadi pete inamtoka kidoleni. Tukampeleka Nyeri. Huko waliona uvimbe pembeni mwa pafu la kulia, na ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Daktari alituambia kwamba ungeonekana mapema, pengine wangeuwahi. Hakujua anamwambia nani. Niliumia, na tangu tumzike bado ninaumia.

Alasiri ya siku hiyo ya Nyeri, wodini, mama alikuwa amekasirika. Alimlalamikia mke wangu, na safari hii alikitumia Kiswahili makusudi ili nami nisikie.

"Huyo msichana wa hapa hajui kazi. Amenipiga picha mara mbili, ati ya kwanza haikutoka sawa. Nimesimama na hiyo baridi mpaka miguu ikachoka. Lakini huyu kijana yangu alinipiga mara moja tu, akamaliza."

Mke wangu akanishika mkono na kunitazama kwa fahari. Hadi leo sijamwambia.