Taji Lililobaki Mkononi mwa Burgl

Watu wa mjini huja kwa mabasi kila mwisho wa Septemba, wakala soseji, wakapiga picha za ng'ombe, wakarudi Munich wakidhani wameona mapambo. Sisi tunajua tunachokitazama. Ng'ombe wanaposhuka kutoka malisho ya juu, yule anayeongoza akiwa na taji kichwani, maana yake kiangazi kizima hakuna mtu wala mnyama aliyekufa kule mlimani. Akija kichwa kitupu, kuna msiba. Ndiyo maana kijiji kizima hutoka, wazee kwa watoto, na ndiyo maana mimi, ambaye sikutoa chozi hata kwenye mazishi ya baba yangu, nikisikia kengele zile kubwa zikikaribia hugeuka nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Aliyekuwa akilifunga taji ni jirani yangu Walburga, ambaye wote tunamwita Burgl, na watoto humwita Bibi Burgl. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa na ulimi wa moto. Nimemwogopa tangu nilipokuwa naiba matufaha yake, na sasa nina upara na mtoto wa shule na bado namwogopa. Kazi ile alifundishwa na mama mkwe wake: matawi ya msonobari, maua meupe ya miiba, vitunda vyekundu, tepe, na katikati kioo kidogo, ili shetani akiiona sura yake akimbie. Burgl husema kioo kile kinafaa pia kwa wanaume wanaokunywa sana.

Hakuwa mtu wa kucheza na sheria ya taji. Mwaka mmoja Magnus, mkulima mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote, alificha habari za ndama wake aliyeanguka bondeni, maana alitaka ng'ombe wake apite uwanjani akiwa amevaa. Burgl alisikia habari wakati bendi imeshaanza kupiga. Alipita katikati ya matarumbeta, akamvua ng'ombe taji mbele za watu, akaenda nalo nyumbani chini ya kwapa kama kapu la mayai. Magnus hakuonekana kanisani kwa muda mrefu.

Lakini sheria ile ilimpiga na yeye. Mumewe Korbinian ndiye aliyekuwa mchunga ng'ombe wetu kule juu, na mwaka mmoja, taji likiwa limeshafungwa na linangoja ghalani, jiwe liliporomoka likamkuta njiani. Burgl alilichukua taji akaliweka juu ya kaburi lake. Mwaka uliofuata binti yao, Afra, akatangaza kwamba sasa atapanda mlimani yeye, pamoja na Lumpi, mbwa aliyeachwa na baba yake. Mama yake alimnunia hadi siku ya kuondoka, kisha akampa soksi za sufu na kumwambia, "Ukifa huko, sikufungii chochote."

Tangu hapo kila Septemba Burgl alifunga taji akiwa hajui analifungia kichwa cha ng'ombe au kaburi la mwanawe.

Jumamosi moja kabla ya kushuka, huwa tunaingia naye msituni kutafuta vya kufungia. Familia nzima nzima hutoka, na vikapu, na mikate ya jibini, na keki ya plamu ambayo nyigu hula nusu. Mwaka ninaousimulia, binti yangu Fini alijaza kikapu cha vitunda vyekundu akamletea kwa majivuno.

Burgl alikichungulia. "Nusu vimeliwa na ndege."

"Ndege walionja tu, Bibi."

"Basi na ng'ombe avae taji lililoonjwa. Rudi ukatafute." Halafu, Fini alipokuwa anaondoka, akamwita. "Na usilijaribu taji kichwani mwako likiwa tayari. Nakufahamu wewe. Baba yako alilijaribu, angalia nywele zake."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Hali ya hewa ilikuwa nzuri siku hiyo, jua la dhahabu, majani yanaanguka moja moja. Jumanne yake theluji ikaanguka mlimani, mapema kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Simu kule juu hazishiki. Wanaume wawili walipanda Ijumaa kwenda kusaidia kushusha ng'ombe, nao wakapotelea katika ukungu, na hatukupata habari yoyote.

Jumamosi asubuhi, kama kawaida yetu wenyeji, hatukusubiri uwanjani na bendi. Tulipanda hadi ghala la majani makavu juu ya kijiji, mahali ambapo ng'ombe huvishwa taji. Kengele kubwa huvishwa kule kule juu, kibandani mwa mchungaji, na ni kama hakuna aliyekufa tu, kwa hiyo ukiwa ghalani unajua habari kabla ya kuona kitu. Kwanza unazisikia kifuani, halafu masikioni, na mlima mzima unaitika. Burgl alikaa juu ya gogo, taji mapajani. Mke wangu alimpa chai, naye akakishika kikombe mpaka chai ikapoa. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona hata uzio wa jirani.

Tulisikia kwato kwanza. Kisha pumzi za ng'ombe, kisha vikengele vidogo vya kila siku, vile vya malishoni. Kengele kubwa hazikuwepo.

Niliona mikono ya Burgl ikizama ndani ya matawi ya msonobari, na miiba ya yale maua meupe ikimwingia kidoleni, na hakuiondoa. Ng'ombe wa kwanza akatokeza katika ukungu, kichwa kitupu, akapita. Akaja wa pili, wa kumi, na wengine wengi, wanatoka weupeni kana kwamba wanaumbwa pale pale mbele yetu, wakubwa, wenye mvuke mgongoni, kimya. Wale wanaume wawili wakapita, macho chini. Burgl hakuwauliza. Alikuwa akitazama nyuma yao tu.

Afra alitoka wa mwisho. Alikuwa amebeba mgongoni chanja la mbao la kubebea jibini, na juu yake kitu kimefunikwa blanketi.

"Niko mzima, Mama," alisema. "Ng'ombe nao wote wapo."

Burgl aliinuka. Hakumkumbatia. Alimpa mke wangu taji alishike, akamkamata mwanawe uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kama anayekagua tufaha sokoni. Kisha akampiga begani.

"Na kengele? Umetaka kuniua wewe?"

"Nimeziacha. Lumpi amekufa."

Alitusimulia akiwa amesimama, mzigo bado mgongoni. Siku ya theluji mtamba mmoja alikosekana. Lumpi, ambaye alikuwa mzee na miguu ya nyuma inamsumbua, alishuka korongoni mwenyewe, akakaa na yule mtamba akibweka mpaka Afra alipofuata sauti. Bila sauti ile, alisema, asingeuona ukingo, angeanguka na yeye. Walimtoa mtamba. Mbwa alilala karibu na jiko, na asubuhi hakuamka.

Magnus alikohoa. "Pole sana, Afra. Mbwa mzuri yule. Lakini mbwa hahesabiwi. Ni mtu au mfugo, tangu enzi za babu zetu. Burgl, dada yangu, bendi imevaa iko chini pale, uwanja umejaa. Mvishe ng'ombe twende zetu."

"Leo unaijua sheria, Magnus," Burgl alisema. "Mwaka wa ndama ulikuwa umeisahau."

"Mwaka ule nilikosea. Leo sikosei."

Na kweli hakukosea, hilo ndilo lililotubana sote. Hakuna aliyewahi kuzuia taji kwa ajili ya mbwa. Watoto walikuwa wametembea asubuhi nzima kuja kuliona, na vitunda vya Fini vilikuwa vinang'aa pale kama makaa. Burgl alimtazama mwanawe.

"Mtamba mwenyewe ni yupi?"

Afra alionyesha mmoja mwekundu, mwenye jeraha gotini, anayetafuna uzi wa uzio bila wasiwasi.

"Wa nani?"

Magnus mwenyewe alikwenda akamgeuza mnyama sikio, akaisoma alama, ikawa ni yake mwenyewe, akakaa pale ameshika lile sikio. Kisha akavua kofia yake.

"Sheria inasema mtu au mnyama," Burgl alisema. "Hao babu zetu hawakusema mnyama gani. Walisahau kuuliza, na mimi pia nilisahau."

Akachukua taji lake kwa mke wangu, akaenda kusimama kando ya Afra, nyuma ya kundi lote, na tukaanza kushuka. Ninajua kwamba nilikwisha kuona mataji mazuri kuliko lile, nikaona ng'ombe wakipita na maua na tarumbeta, na nikalia. Lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kama ukimya ule. Kundi zima lilikuwa likitembea juu ya majani yaliyolowa, na kilichosikika ni kwato, pumzi na vile vikengele vidogo peke yake. Kule uwanjani wapiga bendi walishusha matarumbeta bila kuambiwa. Wageni wa Munich, ambao hawakujua chochote, walishusha simu zao. Fini alivua kofia yake ya sufu na kuibana kifuani, na mimi nikavua yangu, na baridi ya mlima ikanishika upara, na moyo wangu ulikuwa umejaa nisijue niuweke wapi. Mwishoni kabisa walipita mama na mwana, na mbwa, na taji ambalo lilikuwa mkononi mwa aliyelifunga.

Walimzika Lumpi chini ya ule mti wa matufaha niliyokuwa naiba, na taji likawekwa juu yake. Tepe zilikaa hadi baridi kali, ndipo upepo ukazichukua.

Mwaka uliofuata Afra alipanda tena, na mtoto wa mbwa mpya mwenye masikio yasiyolingana. Septemba ilipokaribia, nilikuwa kwa Burgl namshikia matawi, na mchukuzi wa jibini akasimama mlangoni kutupa habari za juu.

"Binti yako anakusalimu," alisema. "Watu ni wazima, ng'ombe ni wazima, wote."

Burgl alikuwa ameshaunyoosha waya, mkasi uko tayari. Hakuukata.

"Na mbwa?"

"Mbwa? Mzima. Amenila kiatu."

Ndipo akakata waya, akaanza kufunga.