Shule Haitolewi kwa Dole Gumba

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kwa aibu mpaka leo. Nilikuwa na miaka ishirini, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nikaitoa shule yetu kwa mche wa sabuni.

Usicheke. Kambini tulizoea hivi: ukiona karatasi, weka dole gumba, upokee. Unga ni dole, blanketi ni dole. Basi wakaja watu na sabuni, mama anaumwa, nikaenda mkutano wao wa wazazi badala yake. Kusoma nilijua, lakini karatasi yao sikuisoma, nikaweka dole. Kumbe tumekubali shule tuliyoifyatulia matofali wenyewe iendeshwe na wao watakavyo. Muhula uliofuata wakaleta mtihani wa mchujo. Mdogo wangu Nestori, mzito wa kusoma, akarudishwa nyumbani, na darasa hakuliona tena.

Mzee Barnaba, aliyesimamia matofali yale, alinikaripia mbele za watu: "Binti, sabuni umepata. Haya, nawa tuone kama mikono itatakata." Nililia sana. Majuto ni mjukuu.

Sasa korona imetufungia hapa Doonside, ughaibuni, askari wanapita mtaani, na juzi nikakukuta unataka kubonyeza simu.

"Ni form ya school tu, Mama. Wana-change management. Everyone ana-click agree."

"Umeisoma?"

"Ni ndefu, Mama, niko late for shift."

Ulipotoka niliisoma mimi kwenye kompyuta yako, na kamusi pembeni, siku mbili nzima. Wanataka shule ya umma ipewe kampuni, na kampuni ichague wanafunzi "wanaofaa". Wanaofaa! Mwanao Eliya akisoma anakwama kila mstari. Atamfaa nani huyo? Tena mkutano wa wazazi wa Zoom wameuweka mchana, mkiwa kazini. Nitaingia mimi. Wakisema bibi si mzazi, nitakaa palepale na kamera yangu mpaka wachoke wao.

Sikatai mabadiliko, mwanangu. Nakataa kuharakishwa nikiwa nimefungiwa ndani. Usikubali jambo la mtoto kabla hujalisoma hadi mwisho, hata mtaa wote ukiwa umeshakubali. Ukishalisoma, wapigie wazazi wenzako wa St Marys nao wasome, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na mkikataa, kataeni kwa sauti, bila kuomba radhi.

Mungu akupe ukaidi wangu, akuepushe na ujinga wangu. Na Eliya abaki darasani kwake, asome polepole, na asitokee mtu wa kumwondoa kabla hajamaliza mstari.