Supu Baridi ya Bigwa

Mwezi uliopita nilirudi Morogoro kwa semina, na mchana wa kwanza mhudumu wa hoteli aliniwekea mezani bakuli dogo la kitu cha kijani. "Supu ya baridi, mama," akasema kwa fahari. "Ya tango na parachichi." Nilichota kijiko kimoja. Ndugu yangu, nilijikaza kama mtu mzima, nikameza, kisha nikaomba radhi na kwenda msalani kusukutua mdomo. Si kwamba ilikuwa imeharibika. Ilikuwa ile ile. Ule utelezi, ule uchachu, ile baridi inayogonga meno ya nyuma kabla ulimi haujajua ni nini kimeingia. Miaka yote hii niliamini mama aliikosea. Kumbe alikuwa ameipatia.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Bigwa, hapo hapo Morogoro, nyumba ya bati chini ya mlima, ambako asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba. Baba alikuwa msimamizi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa sabuni zenye harufu ya matunda, redio, na vitenge vya kutoka nje vilivyouzwa rahisi kuliko vile walivyofuma kina baba. Kila mtu alisema mambo yanafunguka. Jirani yetu, mjane aliyeuza barafu za ubuyu, alinunua friji, la kwanza mtaani petu, na sisi watoto tulikuwa tukimwomba atufungulie tu mlango, ule ubaridi utupige usoni.

Siku moja wakaja wageni waliotaka kukinunua kiwanda. Baba ndiye aliyewatembeza kati ya mitambo, na mchana wakamchukua kwenda kula nao hotelini. Alirudi jioni mtu mwingine. Hata viatu hakuvua.

"Mama watoto, leo nimekunywa supu ya baridi."

"Ilikuwa imepoa?" mama akauliza.

"Haikupoa. Imetengenezwa baridi. Ya kijani, laini, ina majani juu. Ukiimeza ni kama umekunywa maji ya chemchemi. Na yule mkubwa wao, yeye mwenyewe, kanimiminia maji kwenye glasi. Kasema mtu kama mimi hawawezi kumwacha."

Bibi, mama yake mama, alikuwa ameshuka kutoka Matombo kukaa nasi. Kwa kumheshimu mkwe wake alikula jikoni pamoja na sisi watoto, na maoni yake tuliyapata sisi tu. "Supu iliyopoa," alisema huku akikuna nazi, "huachiwa aliyechelewa msibani."

Lakini mama alikuwa ameona uso wa baba ulivyong'aa, akataka mng'ao ule ukae nyumbani. Akaanza kuitafuta hiyo supu.

Mara ya kwanza alichemsha kongoro, supu ya kwato ambayo ikiwa moto tungepigania hata sufuria yake, akaipeleka kwa jirani ikalale kwenye friji. Iliporudi ilikuwa imeganda. Ilitikisika bakulini kama kitu chenye uhai, na juu yake mafuta meupe yameshikana kama nta ya mshumaa. Mdogo wangu alilia kwa kuiona tu. Mimi nilionja, na mafuta yale yakaning'ang'ania kwenye kaakaa mpaka nikasugua ulimi kwa jivu.

Baada ya hapo akajaribu matango na maziwa mgando. Hiyo ililala friji moja na vichwa vya kambale vya jirani, ikaamka inanuka tope la bwawani. Kisha bibi akaletewa parachichi kutoka Matombo, mama akazitwanga pamoja na matango kwenye kinu chetu cha kisamvu, akakamulia ndimu, akatia maziwa, akapasulia majani ya nanaa juu. Nyuzi za parachichi zilinasa kwenye meno. Ute ulining'inia kutoka kwenye kijiko kama makamasi ya mtoto mwenye mafua, na ikichelewa mezani ilianza kuwa na rangi ya kutu pembeni. Jumapili baada ya Jumapili, tukitoka kanisani, tulijua inatungoja. Tulibana pua, tukameza bila kutafuna, na aliyetapika alipewa nyingine.

Baba alichota kijiko, akafumba macho, akasubiri.

"Bado kidogo. Siyo yenyewe."

"Imepungua nini?" mama alimuuliza, akifuta mikono kwenye khanga.

"Sijui. Kuna kitu."

Basi mama alirudi tena kwenye kinu. Alipunguza maziwa, akaongeza chumvi, akachuja kwa kitambaa. Jikoni bibi alisonya.

Alhamisi moja baba alirudi kabla ya mchana, akikokota baiskeli badala ya kuipanda. Alikaa mezani na kofia yake kichwani. Wageni walikuwa wamekichukua kiwanda. Wafumaji wote wameachishwa, mitambo itang'olewa, na jengo litakuwa ghala la vitambaa kutoka nje.

"Na yule mkubwa wao?" mama akauliza. "Si alisema—"

"Alikuwepo. Nimempa mkono. Akamgeukia karani akamuuliza mimi ni nani."

Mama hakujua la kufanya. Nadhani ndiyo maana alikwenda kwa jirani akaleta bakuli lililokuwa linasubiri Jumapili, akaliweka mbele yake. Baba alikula kijiko, akala kingine.

"Ndiyo hii," akasema taratibu.

"Leo nimeipatia?"

"Uliipatia siku ile ya kwanza ya parachichi. Ilikuwa hii hii." Akalisukuma bakuli. "Imwage, mama watoto. Inatia kichefuchefu."

Alitoka haraka, akapita nyuma ya nyumba, na sote tukamsikia akitapika. Mama alibaki ameshika kiti. Hapo bibi, ambaye siku zote alikuwa akimkwepa mkwe wake hata wakikutana njiani, aliinuka kutoka jikoni, akachukua kata ya maji, akamfuata. Nilichungulia. Alikuwa amemshika paji la uso kama anavyoshikwa mtoto.

"Toa yote, baba," alimwambia. "Toa yote. Haya, nawa."

Mama aliimwaga supu kwenye migomba. Mbwa wa jirani alikuja, akanusa, akaondoka zake.

Baba alikodi kipande cha ardhi kule juu mlimani, akalima karoti na vitunguu mpaka mgongo ulipogoma. Alitusomesha kwa vitunguu hivyo. Bibi amezikwa Matombo, baba na mama wamemfuata, na shamba lile sasa ni nyumba ya wageni yenye ukuta mrefu. Baba alipofariki, nguo zake zote zilinukia udongo na vitunguu, nami nikaizika pua humo nikilia. Lakini kabla ya vitunguu alikuwa na harufu nyingine, ya vumbi la pamba na grisi, aliyokuja nayo mlangoni tulipokuwa tukimkimbilia. Hiyo nimeitafuta sana. Naijua kwa maneno tu, puani hairudi.