Bi Swichi Awekewa Waifai

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuwazimia taa wasichana mia mbili na arobaini. Alikuwa matroni wa bweni. Kila siku saa tatu unusu usiku alipita korido nzima akibonyeza swichi mojamoja, tak, tak, tak, giza likimfuata nyuma kama mbwa aliyefunzwa. Wasichana walimwita Bi Swichi na kudhani kwamba hajui. Alijua. Aliona afadhali hilo kuliko jina la matroni aliyemtangulia, ambalo haliandikiki.

Alipostaafu alibaki na nyumba yake mwenyewe, ndefu na nyembamba, vyumba vyake vimepangana kama mabehewa: sebule mbele, kisha chumba chake, kisha chumba cha wageni ambao hawakuwa wakija, kisha jikoni, na bafu mwisho kabisa. Vyote vilifungukia korido moja. Hakutoka chumba chochote bila kuzima soketi zake zote, na aliziwasha tena akiingia. Marehemu mumewe alidhani ni ubahili, na alikufa akidhani hivyo, kwa sababu mkewe hakuona haja ya kumsahihisha. Ukweli ni kwamba kitu kinachowaka chumbani bila mtu kilimkera tu, kama anavyokera mtu anayejisemea peke yake kwenye foleni.

Angeishi hivyo hadi mwisho kama asingeteleza bafuni na kuumia bega. Kuteleza hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kumwambia mwanawe.

Mwanawe wa pekee ni ofisa wa bima katika mji wa mbali, mtu wa miaka arobaini na minne, mwenye kitambi na huruma nyingi. Kazi ile imemharibu. Akiona ngazi, anamwona mtu ambaye tayari ameshaanguka. Akionyeshwa mtoto mchanga, anauliza kama madirisha yana nondo. Alikuwa akimpigia mama yake simu mara moja kwa mwezi, siku za mwisho za mwezi, kama bili. Aliposikia habari za bega alipiga mara nne kwa siku moja, na mara ya nne alitoa uamuzi: mama ahamie kwake, chumba kipo tayari.

Chumba hicho aliwahi kukilalia. Kinatazamana na ukuta wa jirani. Mkwewe ni mwanamke mwema, mwema kiasi cha kukunyang'anya kikombe kabla hujafika nacho kwenye sinki. Bi Swichi alikaa pale wiki mbili kama mgonjwa asiye na ugonjwa, aliporudi akajiapiza kwamba atakayemtoa tena nyumbani kwake ajiandae kumbeba na kitanda.

Kwa hiyo walipatana. Mama atabaki kwake, ila nyumba iwe inasema. Mwana atafunga vidude vya kumjulisha kule aliko kwamba mlango umefunguliwa, birika limechemka, mtu amepita koridoni, mtu ameingia bafuni na mtu ametoka. Yalikuwa majaribio ya mwezi mmoja. Nyumba ikisema, mama abaki. Ikinyamaza, mwana aje na lori.

Fundi aliyetumwa alikuwa mtu mzima, amepita miaka hamsini. Alianza na redio, akaja kwenye antena, na magoti yake yanakumbuka kila paa la mji ule. Bi Swichi alimvua viatu mlangoni, kisha akamtazama kucha. Fundi akaificha mikono nyuma ya mgongo, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba ana wajukuu.

Alipokwisha kufunga vidude vya mlango, birika, korido na bafu, alitoa vingine vitatu vyeupe, vya mviringo, kama vibakuli vya sukari vyenye mifuniko. Akaeleza kwamba kuta za nyumba ile ni nene, kidude kimoja hakiwezi kupeleka waifai hadi bafuni. Hivi vitatu vitapokezana. Cha sebuleni kinachota mtandao kutoka nje na kukipa cha koridoni, cha koridoni kinakipa cha jikoni, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Mmoja akiweka ndoo chini, wote walio mbele yake wanakaa na kiu.

"Na wa kwanza akienda kulala?" aliuliza Bi Swichi.

Fundi alicheka, akasema vidude havilali. Hakujua yuko nyumba ya nani.

Ilipofika mchana kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Mwana alipiga simu, furaha imemjaa. "Mama, naona birika limechemka."

"Na mimi naliona," alijibu. "Liko mbele yangu."

Fundi alikusanya vifaa vyake. Bi Swichi alimsindikiza hadi nje, akarudi zake jikoni, na nusu saa haikupita mwana akapiga tena. Nyumba imenyamaza.

Kesho yake fundi alikuja, akakaa sebuleni na mwenye nyumba, akafungua simu yake, na kila kitu kilikuwa kizima kama chuma. Akaondoka, kikafa. Akaja mara ya tatu, kikafufuka alipokaa tu kitini. Alilaumu kuta. Alilaumu tanuri la muoka mikate wa nyumba ya pili, kisha mawingu, kisha kiwanda kilichovitengeneza, na akaenda mbali hadi kwenye malezi ya vijana wa siku hizi, ambao hawakuwa na uhusiano wowote na jambo hilo. Bi Swichi alikuwa na maelezo mafupi zaidi. Vidude vile, alisema, ni kama wanafunzi: mkaguzi akiwepo wote wana adabu, akitoka tu bweni linageuka soko.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, alikwenda mjini kutafuta uzi wa kushonea mapazia. Simu aliiacha kwenye droo. Aliizima, bila shaka. Kule mbali mwanawe alitazama kioo cha simu yake akaona nyumba nzima imekuwa giza: mlango hausemi, birika halisemi, korido haisemi. Alipiga simu kwa saa mbili. Halafu akampigia muoka mikate, akamwomba aingie kwa njia yoyote ile.

Muoka mikate ni mtu mtiifu mwenye mwili mkubwa. Alivunja kioo cha mlango wa jikoni, akajikata kidole, akakifunga kwa taulo la vyombo. Bi Swichi aliporudi alimkuta chumbani kwake, mikono ina unga hadi viwiko, amepiga magoti anachungulia chini ya kitanda.

"Unatafuta nini?"

"Wewe, Matroni."

"Chini ya kitanda?"

"Mwanao alisema nitazame kila mahali."

"Hata nikifa," alisema Bi Swichi, "nitafia mahali penye heshima."

Alimpa chai, akamfunga kidole upya kwa kitambaa safi, wakafagia vioo pamoja. Lakini mwanawe alipopiga hakuwa na masihara. Alisema amezeeka zaidi kwa saa mbili zile kuliko kwa mwaka mzima, na hakuwa akidanganya, ilisikika. Alisema ameshazungumza na mwenye lori. Nyumba ikiwa haijaacha kunyamaza kufikia Jumamosi ya wiki inayofuata, lori linakuja. Mama yake alikubali, maana mapatano yalikuwa mapatano.

Fundi alikuja mara ya nne amenyong'onyea. Safari hii hakugusa kitu. Alikaa sebuleni akaweka simu mapajani, kwenye kioo chake nukta tatu za kijani, moja kwa kila kidude. Bi Swichi akainuka kwenda kumletea maji ya kunywa. Ikasikika tak. Nukta tatu zikawa za kijivu.

Fundi alinyanyuka, akamkuta koridoni.

"Mama, umefanya nini pale mlangoni?"

"Wapi?"

"Mkono wako. Umezima soketi."

Bi Swichi aliutazama mkono wake kama aliyeletewa mkono wa mtu mwingine. Hakuwa na habari. Miaka thelathini na mmoja ya korido ilikuwa imehamia kwenye kile kidole, nacho kidole hakikumwambia kwamba kimeendelea na kazi. Kuna uchovu fulani wa kujigundua ukiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, wakati ulishadhani kazi hiyo umeimaliza.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema fundi, amefurahi kupita adabu. "Hapa ki mkononi."

Alibandika utepe juu ya swichi tatu. Wa kwanza ulikwisha kubanduliwa kabla hajamaliza wa tatu, kwa kuwa Bi Swichi hawezi kuona uchafu ukutani akauacha. Basi fundi akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine, akatoa wazo ambalo kwa haki lilikuwa la kifundi sana. Angeunganisha waya nyuma ya ukuta, apite pembeni ya swichi. Swichi zingebaki mahali pake. Mama angezima kama kawaida, moyo ungetulia, na vidude vingeendelea kuwaka.

"Yaani unipe swichi za uongo."

"Za kukustarehesha, mama."

"Sikiliza, fundi. Mimi nikizima, kitu kinazimika. Siku nitakayoanza kubonyeza swichi za bandia nikidhani nimefanya kazi, mpigie mwanangu aje na lori, maana hapo nitakuwa nimekwisha kweli."

Fundi alikunywa maji yake akaondoka. Kwa kuwa alimheshimu, hakumwaga tena hekima.

Siku hiyo Bi Swichi alikaa na jambo lile hadi jioni. Alichokumbuka ni taa moja ya bweni, ya mwisho wa korido, karibu na choo, ambayo hakuwahi kuizima hata mara moja. Ilikuwa ya wasichana wanaougua tumbo, na wale wanaolia, na wale wanaotembea usingizini. Aliipita kila usiku mkono umetulia kando. Kumbe mkono ule uliwahi kujua kutofautisha. Kama taa ya korido ilishika zamu, na vibakuli hivi basi vishike zamu.

Kulisema ni rahisi. Siku ya kwanza alikizima cha sebuleni mara sita, akirudi kukiwasha huku akijitukana kwa maneno aliyowahi kuwaadhibu wasichana kwa kuyasema. Siku ya pili alianza kutembea amefumbata mikono nyuma, kama waziri anayekagua daraja. Siku ya tatu aliamka na hasira isiyo na mtu wa kuipokea, akaoka mkate ambao haukuumuka, akampelekea muoka mikate aonje, na muoka mikate akasema uongo kwa ujasiri. Kuanzia siku ya nne vidude havikuzimika tena. Lakini kila alipotoka chumba alihisi kama ameacha mtu katikati ya sentensi.

Kidude cha kujulisha cha bafuni hakikuwa na swichi, kilikuwa na betri. Hicho alikipandia kigoda, akakitoa betri zake mbili, akazitia kwenye redio.

Jumamosi asubuhi mwana alipiga. "Mama, sebule ipo, mlango upo, jikoni papo. Bafu halipo."

"Bafu lipo. Kidude ndicho hakipo. Nimekitoa betri."

Mwana alivuta pumzi. "Bafuni ndiko ulikoanguka."

"Najua nilikoanguka. Nilikuwepo."

"Mama, lori liko tayari. Tulipatana."

"Tulipatana nyumba iseme, nayo inasema tangu Jumanne, haijafunga mdomo. Lakini sitaogea mbele ya mashine. Ukitaka kujua kama nimetoka bafuni salama, nipigie saa mbili asubuhi uniulize. Mdomo unao."

"Kila siku?"

"Mimi naoga kila siku. Wewe sijui."

Upande wa pili mkwewe alisikika akicheka, na mlango ukafungwa. Mwana, ofisa wa bima, akatafuta kipengele.

"Na usipopokea?"

"Nisipopokea mtume muoka mikate. Ila mwambie aanzie bafuni, chini ya kitanda hakuna kitu."

Bi Swichi alikuwa amesimama jikoni, mkono mmoja ameukalisha kwenye meza ili usifanye jambo. Mwishowe mwanawe alisema kwamba atampigia mwenye lori. Hakusema atamwambia nini, na mama yake hakuuliza, lakini lori halikuja.

Tangu hapo simu inaita saa mbili kamili. Mwanzoni mazungumzo yalikuwa ya kiaskari: umeoga, nimeoga, haya. Baada ya wiki mbili mama naye alianza kuuliza upande wake, akagundua kwamba mtu aliyetaka kumhamisha kwa lori anaoga kwa kuruka siku, akamwambia wazi kwamba bima ya namna hiyo yeye asingenunua.

Wiki iliyopita alijibu tofauti. "Leo sijaoga," alisema. "Mgongo umekataa kuinama, na mimi nimekataa kuulazimisha."

Akasubiri. Kwa neno dogo kuliko hilo alikwisha kuletewa shehena nzima ya mitambo. Mwanawe alikohoa.

"Hata mimi sijaoga," alisema. "Nimekaa kitandani tu, Mama. Sijui nina nini."

Bi Swichi akavuta kiti, akakaa. Wakabaki hivyo robo saa nzima, kila mtu na uchafu wake, hakuna aliyekata simu.