Swali Mbele ya Mkwe

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Tangu jiwe la timbo tulikochimba mawe liliponivunja uti wa mgongo, nimeona wengi wakiniinamia kwa huruma huku macho yao yakizunguka nyumba. Kwa hiyo mama mkwe alipofika Junju kutoka Kuruwitu bila kuitwa, siku ileile tuliyomngojea afisa wa ustawi wa jamii, nilimwitikia vizuri, lakini moyoni nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa na hakika amekuja kumchukua mwanawe.

Sababu alikuwa nayo. Mke wangu alikuwa amekonda, mgongo umemchakaa kwa kuninyanyua, na biashara yake ya mahamri imekufa. Pensheni yangu ya ulemavu ilikuwa ya chakula tu. Tuliomba posho ya ziada ili tuajiri mtu wa kunihudumia, yeye apumzike. Posho hiyo hapewi kila mwenye pensheni. Hupewa yule tu asiyeweza kuoga wala kwenda msalani bila mkono wa mwenzake.

Afisa alikuwa binti wa bara, mpole mno, na upole wa watu wa ofisi mimi huutilia shaka. Alinipa shikamoo, kisha akataka kila aliyemo nyumbani akae asikilize. Hapo nikanusa mtego. Mkwe akaketi karibu na mlango, macho chini, nami nikatazama upande mwingine. Kwetu mama mkwe humpi hata mkono wa salamu.

"Mzee, nani hukuogesha?"

Afadhali angeniuliza nimeiba nini.

"Naoga mwenyewe."

Mke wangu, aliyekuwa akimimina chai, akaiweka birika chini.

"Na msalani?"

"Najikokota."

Binti akaishusha kalamu. "Mzee, nikiandika hivyo, posho hii hutaipata. Una hakika?"

Nilijua najichimbia kaburi, na mke wangu namtia humohumo, lakini ulimi uligoma. Nikamshuku afisa kwamba amefanya makusudi, nikamshuku mkwe kwamba anahesabu uongo wangu mmoja mmoja aende nao kwao.

Mkwe akainuka. Nikadhani sasa atamwambia mwanawe afungashe. Kumbe alikigeuza kiti kikaelekea ukutani, akaketi tena, akajifunika leso kichwa kizima.

"Muulize tena, mwanangu," alimwambia afisa. "Mimi sipo."

Binti hakuelewa, lakini aliuliza. Nilikitazama kisogo kile kilichofunikwa, nikiyashuku masikio yake hata hapo. Kisha nikasema ni mke wangu. Kuoga, msalani, kunigeuza kitandani nisitoke vidonda, yote ni yeye. Niliona haya mpaka machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

"Tangu lini?" afisa akauliza.

Kabla sijafungua kinywa, jibu lilitoka ndani ya leso.

"Tangu walipomtoa hospitali. Mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu namna ya kumgeuza."