Avoka ya Mama Mkwe

Pulchérie alikuwa na miaka arobaini na minane, kazi ya kuogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na sauti ambayo kwaya ya kanisa lake huko ughaibuni, mtaa wa Weston, ilikwisha kumwomba mara mbili aipunguze. Kiangazi hiki sauti hiyo ilipata pa kwenda. Mwezi wa saba majumba makubwa ya maigizo katikati ya jiji huwa yamepoa, wenye nafasi wamekimbilia likizo kando ya maziwa, na hapo vikundi vidogo hujitokeza bustanini, bila pazia wala tiketi. Kikundi cha Shamez, mfamasia mstaafu mzaliwa wa Dar es Salaam, kilicheza kwa Kiswahili kando ya mto Humber, na Pulchérie akapewa sehemu ya mama mkwe mkorofi. Hakuna aliyemuuliza kama ukorofi anauweza.

Lakini hakuingia kwenye maigizo kwa ajili ya ukorofi. Aliingia kwa ajili ya Jolie, binti yake wa miaka kumi na mitano, aliyeelewa kila neno la Kiswahili na tangu darasa la kwanza alikuwa akilijibu kwa Kiingereza. Muulize amekula nini, Kiingereza. Mgombeze, atakugombeza kwa Kiingereza. Jambo hilo lilimuuma Pulchérie sana, na alitumaini kwamba mtoto akiona watu wanaipigia makofi lugha ya mama yake, labda atairudia. Wiki sita alifanya mazoezi jikoni kwa sauti ya juu, Jolie akiwa kwenye kochi na simu yake, kama hayupo.

Neno moja tu lilimshinda. Mama mkwe, anapogombania nyumba, husema, "Nileteeni wakili wangu." Kwao Bukavu, Kiswahili kinakochanganyika na Kifaransa, wakili ni avoka, na parachichi nalo ni avoka, utajua ni ipi kwa kuangalia kama uko sokoni au una kesi. Kila mazoezi ulimi wake ulikimbilia avoka, na kila mara Shamez alimsahihisha kwa upole wa mtu anayehesabu vidonge.

Jumamosi alasiri, siku ya onyesho, Jolie alikuja. Alikaa nyuma kabisa, akiwa amesema mapema kwamba atakaa dakika ishirini. Pulchérie alipomwona, kila kitu kikamruka kichwani. Akapiga hatua mbele, akanyoosha mkono na kunguruma:

"Nileteeni avoka yangu."

Kipchirchir, Mkenya aliyeigiza mtumishi wa nyumba, alikuwa kijana mtiifu. Alidhani mama ameongeza mambo yake. Akashuka kwenye majani, akaomba radhi kwa familia moja iliyokuwa ikila mstari wa mbele, akachukua parachichi kwenye kikapu chao na kumkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili.

Pulchérie akalitazama parachichi. Watu wakamtazama Pulchérie. Akaligeuza mkononi, aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Maman, si ile ya kula," ikasikika sauti kutoka nyuma. Jolie alikuwa amesimama juu ya benchi. "Sema wakili. Nileteeni wakili wangu, na nyumba hii hamtaipata mpaka nife."

Neno kwa neno, na ukorofi wake wote. Kumbe mtoto wa kwenye kochi alikuwa akisikia kila kitu. Bustani nzima ilicheka mpaka watu wakashika mbavu, na Pulchérie akacheka nao huku machozi yakimtoka, mbele za watu, bila kujali.

Baadaye Shamez alitaka parachichi libaki kwenye mchezo wa Jumamosi ijayo. Pulchérie alikubali kwa sharti moja: yule wa nyuma naye abaki. Wote wakamgeukia Jolie. Akaanza kujibu kwa Kiingereza, akasita, akamtazama mama yake.

"Sawa, maman," akasema. "Lakini ile avoka nitakula miye."